Rafiki wa Getini

Vijana wanaokuja kwangu kuniuliza habari za kufundisha Saudia huuliza kuhusu joto, kuhusu abaya, na kama ni kweli watoto wa kule ni watundu. Joto utalizoea. Abaya utaikanyaga wiki mbili za kwanza, halafu utajifunza kuikusanya kwa mkono wa kushoto kila unapopanda ngazi. Watoto ni watoto. Ambalo hakuna anayeniuliza ni hili: mwalimu, ulikuwa unaongea na nani? Nami ndilo ninalotaka kulijibu, kwa sababu kazi yenyewe mtaelekezwa na wakuu wenu, lakini hili la watu nililijifunza vibaya, na aliyeumia zaidi si mimi.

Mimi ni Mtaita wa Mwatate. Nilikuwa nimefundisha shule za msingi kwa miaka ishirini na ushei wakati mawakala walipoanza kuzunguka Voi na Mombasa wakitafuta watu wa kupeleka Uarabuni. Wengi walitaka wasichana wa kazi za nyumbani, hao tuliozoea kuwaita makadama. Wachache walitaka walimu wa Kiingereza kwa chekechea za watu binafsi. Nikajiandikisha, mwanamke mtu mzima mwenye miwani na watoto wakubwa. Ndege yetu ilikuwa na walimu wanne, na makadama walijaza viti vilivyobaki. Tulipotua Jeddah, sisi tulipokelewa na mtu mwenye karatasi yenye majina yetu. Wao waliambiwa wakae chini, wasubiri makafili wao, waajiri waliowadhamini, waje kuwachukua mmoja mmoja. Niliwapita nikiburuta sanduku langu, na wengine walikuwa wadogo kuliko binti yangu.

Shule yangu ilikuwa mtaa wa Rawdah. Siku ya kwanza niliwafundisha watoto wa miaka mitano kusimama wima na kuniamkia wote kwa pamoja, kwa sauti ya kutoka tumboni, vile tunavyofanya kwetu. Kufikia siku ya nne walikuwa wananiamkia mpaka vioo vinatikisika. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, alichungulia mlangoni akaniuliza kama naendesha chekechea au naandaa gwaride. Tangu hapo nikaambiwa nikae nao chini kwenye zulia, niwaache waguse, waulize, wabiringike. Magoti yangu yalilalamika muhula mzima. Lakini nilijifunza kitu ambacho ningependa mkichukue bure: mtoto aliyekaa vibaya anaweza kuwa ndiye anayekusikiliza kuliko wote.

Jioni ndizo zilikuwa ngumu. Nyumba ya walimu nilikaa na Wafilipino wawili na Mjordani mmoja, watu wazuri sana. Walinipa wali wao, nami niliwapikia sima wakaila kwa adabu bila kuimaliza. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa na lugha zao, vicheko vyao, na simu zao za nyumbani. Kulikuwa na wiki nzima ambayo neno la Kiswahili halikunitoka mdomoni isipokuwa nilipoligombeza jokofu kwa kutofunga vizuri. Msicheke. Na nyinyi mtaligombeza.

Aliyeniokoa kwanza ni Bi Zuwena. Alikuwa mlezi wa watoto pale shuleni, mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye mimi nilimdhania Mwarabu kama Waarabu wengine. Siku moja mlango ulinibana kidole nikapiga kelele, "Mama wee!" Nyuma yangu sauti ikajibu kwa utulivu, "Pole, mwanangu. Kwani we mtu wa wapi?" Nilikaribia kulia, na si kwa sababu ya kidole. Wazazi wake waliondoka Unguja baada ya mapinduzi, akiwa bado mtoto wa kubebwa. Amekulia Jeddah, ameolewa Jeddah, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu mimi mwenye cheti cha ualimu.

Ndiye aliyenifundisha mambo ya majumbani. Ukikaribishwa, usisifu kitu cha mtu mpaka akaona haya na kukupa. Kahawa pokea kwa mkono wa kulia, na ukitosheka itikise finjani kidogo kabla hujairudisha. Mimi hilo la kutikisa nililijua nikiwa nimeshachelewa. Nyumba ya kwanza kunikaribisha nilikunywa finjani tisa kwa heshima, huku msichana wa watu amesimama na dele la kahawa mbele yangu akiniongezea, na moyo ukanidunda mpaka magharibi. Bi Zuwena alicheka hadi akakaa chini.

Jambo moja hakunifundisha. Nadhani aliona ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Sasa nije kwa Kadzo. Katika darasa langu alikuwemo mtoto anaitwa Faris, mwenye machozi ya karibu. Alikuwa hakubali kuingia shuleni mpaka afikishwe mlangoni na dada wa kwao, na dada huyo alikuwa Kadzo, Mgiriama wa Kaloleni, kadama katika nyumba yao kule Aziziya. Dereva aliegesha gari nje, Kadzo akamleta mtoto hadi getini upande wa wanawake, nami nikampokea. Asubuhi ya tatu nilimsikia akimwambia Faris, "Twende basi, wewe nawe!" Nikamwangalia. Akaniangalia. Akasema, "Ala! Mwalimu ni mtu wa kwetu?"

Urafiki wetu ulikuwa wa dakika saba kila asubuhi, kuanzia Faris anapovua viatu vya nje na kuvaa vya ndani, mpaka dereva anapopiga honi. Huwezi kuamini ni mambo mangapi yanaingia katika dakika saba kama watu wamekaa kimya siku nzima. Nilijua jina la mbuzi wao. Nilijua kaka yake Katana alioa mwanamke asiyejua kusonga sima. Nilijua aliacha shule darasa la tano, na kwamba mama yake ana ugonjwa wa moyo na miguu inamvimba. Kadzo alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na alipocheka alijifunika mdomo na kutazama gari, kuona kama dereva amesikia.

Siku moja aliniambia, "Mwalimu, hizi herufi za Faris na mimi nazitaka." Basi nikaanza kuweka vitabu viwili kwenye mfuko wa mtoto, kimoja chake na kimoja cha Kadzo. Alasiri, madam akipumzika, wawili hao walikaa sakafuni jikoni wakisoma kwa zamu. Ndani ya miezi michache Faris, aliyekuwa wa mwisho, akawa anasoma kuliko wenzake wote. Mama yake, Umm Faris, akanitumia ujumbe wa shukrani mrefu wenye maua mengi. Nilimjibu kwamba mtoto ana bidii. Sikumtaja Kadzo. Nilijiambia namkinga, na pengine ilikuwa kweli, lakini sifa pia zilikuwa tamu.

Wakati huo Kadzo alikuwa anakaribia kumaliza miaka yake miwili. Madam wake, huyo Umm Faris, alikuwa amekubali kwamba shule zikifungwa tu atamruhusu aende kwao miezi miwili, kisha arudi. Hilo la ruhusa si dogo, maana miaka ile kafili asipotaka utoke, hutoki. Kadzo alikuwa amelipigania kwa subira ya mwaka mzima, bila kununa, bila kujibu, akisema ndiyo madam hata pale alipoonewa. Kila asubuhi pale getini aliniambia siku zimebaki ngapi. Mama yake alikuwa amezidiwa, ila alikuwa amesema anamngoja.

"Nataka nimkute ameketi mlangoni," akaniambia. "Hata asisimame. Aketi tu, anione nikija."

Siku hiyo hiyo akaniandikia namba ya Katana kwenye daftari la Faris, kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa, akasema niwe nayo.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu hivi Umm Faris aliponialika kwao. Walikuwa na azuma, karamu ya wanawake, na alitaka wageni wake wamwone mwalimu aliyemfundisha Faris kusoma. Nilivaa vizuri, nikapeleka halua. Sebule ilikuwa kubwa, wanawake kama thelathini wamekaa kuizunguka, mama mkwe wake amewekwa mahali pa heshima na mimi nimewekwa ubavuni mwake. Faris akasoma ukurasa mzima, wakampigia makofi, wakanipigia na mimi. Na wakati wote huo Kadzo alikuwa anapita. Kahawa, tende, maji, chai, wali, matunda, tena kahawa. Alikuwa peke yake. Kila alipofika mbele yangu aliinamisha macho, lakini mdomo ulikuwa unajizuia kucheka. Niliona amefunga kitambaa kwenye kiganja. Alikuwa ameungua.

Kwetu Taita mwanamke anayekaa akitazama mwenzake akihangaika na vyombo peke yake husemwa mpaka kwa mama yake mzazi. Unakunja mikono unaingia jikoni, hata kama umevaa nguo ya harusi. Sikufikiri. Kadzo alipoinama kukusanya finjani nilisimama, nikamwondolea sinia mikononi, nikamfuata hadi jikoni.

"Mwalimu, rudi! Rudi, utaniletea balaa," akasema, huku tayari anacheka.

"Balaa gani? Sogea. Mkono huo usiutie maji."

"Wewe si ni mgeni, lakini!"

"Mimi nikae kule nikilishwa tende na wewe unaosha na kidonda? Niletee sabuni."

Akaleta. Nikaosha, yeye akapangusa, tukazungumza kwa sauti kama watu walio kwao. Sikumbuki hata tulicheka nini. Nakumbuka alikuwa ameinama ameshika meza, hana pumzi, na mimi nina povu hadi kwenye viwiko, ndipo nilipogeuka nikamwona Umm Faris mlangoni. Nyuma ya bega lake alikuwa amesimama mama mkwe. Kicheko cha Kadzo kilikatika papo hapo.

"Miss," Umm Faris akaniambia kwa Kiingereza chake kizuri, "tafadhali, mikono yako." Akanipa taulo mwenyewe. Nikarudishwa sebuleni, nikakalishwa pale pale, na wanawake wote wakawa wananitabasamia bila kusema neno.

Kesho yake dereva alimleta Faris peke yake. Nikamweleza Bi Zuwena. Alishika kichwa.

"Umeingia jikoni? We bibi we! Mgeni haingii jikoni. Mgeni akinyanyuka akaosha vyombo ashawaambia watu wote kwamba nyumba hii haijui kumpokea mtu. Na mbele ya mama mkwe wake! Atakaa nalo hilo miaka."

"Nilikuwa namsaidia Kadzo."

"Ushamsaidia," akasema. "Haya. Tungoje tuone."

Siku ya pili Umm Faris alikuja mwenyewe. Sitaki mumchukie. Mimi mwenyewe nilijaribu kumchukia nikashindwa, maana alikuja amefura macho, na alisema yaliyokuwa moyoni mwake. "Nilikufungulia nyumba yangu kama dada yangu," akaniambia. "Kumbe mnajuana. Mnaongea jikoni kwangu lugha nisiyoijua, mnacheka. Mlikuwa mnanicheka mimi?" Nikaapa kwamba hapana. Akasema jirani yake alikuwa na kadama ambaye alipata rafiki wa nje, na mwezi huo huo akatoroka kwenda kujificha Karantina, mtaa wanakokimbilia watoro, na jirani akabaki na matatizo na polisi. Nikamwambia Kadzo hawezi kutoroka, anataka tu kumwona mama yake, na ruhusa ameshampa.

"Mafi safari, hakuna safari," akasema. "Dada yangu wa Riyadh amejifungua, anahitaji mtu. Nimempeleka Kadzo huko. Akikaa mwaka vizuri, dada yangu atamruhusu."

"Mama yake ni mgonjwa," nikasema.

"Na mimi ni mkosefu?" akaniuliza. "Halas, Miss, yameisha."

Faris aliniambia Kadzo ameondoka na ndege. Aliniambia kwa Kiingereza, sentensi nzima bila kosa, halafu akalia. Nikamkalisha kwenye zulia nikakaa naye.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifanya jambo kubwa. Nilichofanya ni kumpigia Katana na kumweleza. Akasema, "Basi mwalimu, hukukusudia." Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angenitukana. Mwaka wa shule ulipoisha, mwajiri wetu akaomba walimu wa kwenda tawi lake la Riyadh. Hakuna aliyetaka, watu walipenda bahari ya Jeddah. Mimi nikanyoosha mkono. Bi Zuwena akaniambia Riyadh midomo yangu itapasuka kwa ukavu, na ilipasuka.

Nikampa Katana namba yangu mpya ampe Kadzo, maana madam mpya alimruhusu kupiga simu nyumbani kila Ijumaa. Baada ya majuma mawili simu ililia, na aliyeongea hakuwa Kadzo. Alikuwa madam mwenyewe. "Wewe ndiye mwalimu aliyeosha finjani kwa dada yangu?" akauliza, na akaangua kicheko. Kumbe kisa changu kilikuwa kimetembea ukoo mzima. Huyu alikuwa mtu mwepesi wa moyo. Alitaka nimfundishie mabinti zake Kiingereza nyumbani kila Ijumaa alasiri, kwa sharti moja, kwamba jikoni kwake nisitie mguu.

Ndivyo nilivyomwona Kadzo tena. Alikuwa amekonda kidogo lakini kicheko kilikuwepo. Nilipotaka kumwomba msamaha aliniziba mdomo kwa mkono, akasema, "Mwalimu, miaka miwili hakuna mtu aliyeniambia nisitie mkono kwenye maji. Wacha hayo." Katika nyumba hii tulifanya kama ilivyopaswa kufanywa tangu mwanzo, na hili liandikeni: nilimsalimu madam kwanza, nikamwomba ruhusa wazi, nikasema huyu ni mtu wa kwetu, nikimaliza somo naomba nusu saa ya kukaa naye. Akakubali bila shida. Kama ningefanya hivyo kwa Umm Faris siku za mwanzo, nadhani na yeye angekubali. Urafiki wa kujificha ukija kuonekana huko, watu huudhania njama.

Ijumaa zile ndizo siku njema zaidi nilizokaa Saudia. Kadzo alikuwa anasoma magazeti sasa. Mama yake alikuwa bado yupo, anapanda na kushuka, na kila wiki alipelekewa simu akasikia sauti ya binti yake. Mwaka ulipokaribia kwisha madam akatimiza neno. Tikiti ikakatwa ya Jumanne, wiki tatu mbele.

Wiki moja baadaye Katana alinipigia nikiwa shuleni, saa ya mapumziko ya watoto.

"Mwalimu, mama ametutoka," akasema. "Tumezika jana."

Nilikaa kwenye kiti cha chekechea, kile kidogo. Nikamuuliza kama Kadzo ameambiwa.

"Ndicho nilichokupigia. Wazee wamekaa, wamesema asiambiwe. Akiambiwa huko atashikwa na nani? Atapandaje ndege peke yake na msiba? Aje, tumwambie hapa, yuko kwao. Tunakuomba mwalimu, usimwambie."

Mnajua hii ni desturi yetu. Aliye mbali hafikishiwi msiba kwa simu. Na mimi mwenyewe nimewahi kufichwa hivyo, na sikulalamika. Nikamwambia Katana sawa. Kisha nikampigia Bi Zuwena kule Jeddah, kwa kuwa nilihitaji mtu wa kuniambia nimefanya vyema. Hakuniambia hivyo.

"Mwambie leo," akasema. "Wewe si rafiki yake? Mkalishe, mshike, mwambie. Sisi hatumfichi mtu mzazi wake."

"Ndugu zake wamekataa."

"Ndugu zake hawako naye. Wewe uko naye."

Sikumsikiliza. Nilijiambia naheshimu wazee wa watu. Ukweli wangu ni mwingine, na leo nimestaafu, sina cha kuficha. Niliogopa kwamba Kadzo akijua, ataanza kufikiri. Atafikiri kwamba kama angeondoka Jeddah mwaka uliopita, siku ile aliyokuwa ameahidiwa, angemkuta mama ameketi mlangoni. Nilitaka afikiri hayo akiwa mbali na macho yangu. Ijumaa iliyofuata alipopiga simu nyumbani, Katana alimwambia mama amelala, nami sikusema kitu.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari, madam alitupa gari na dereva twende soko la Batha kununua zawadi. Alinikabidhi Kadzo kama mtoto, akacheka. Kadzo alikuwa na orodha aliyoiandika mwenyewe. Tulimnunulia Katana saa, watoto wake nguo, mke wake sufuria kubwa ili asipate tena kisingizio cha sima. Kisha tukaingia duka la viatu, maana cha mama alikiacha cha mwisho.

"Miguu inavimba, hivi vya kuingiza vitambana," akasema. Alitaka vya wazi vyenye mkanda wa kunata, unaoweza kulegezwa. Tukavipata. Akaviweka sakafuni, akavua vyake, akajaribu kimoja, akatembea taratibu kwa kuchechemea kidogo, vile mama yake alivyokuwa akitembea, ili aone kama soli inateleza. Muuzaji, kijana wa Kiyemeni, alimpigia makofi.

Vilikuwepo vyeusi na vya kahawia. Kadzo akashindwa kuchagua. Akatoa simu akampigia Katana, akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie.

"Katana, muulize mama anataka rangi gani. Nyeusi au kahawia?"

Nilikuwa nimeshika mfuko wa saa na nguo za watoto, nikatazama rafu.

"Haya, namuuliza," Katana akasema. Kukawa kimya cha kadiri ya mtu anayetoka uani kuingia chumbani. "Anasema kahawia."

"Nilijua tu!" Kadzo akasema. "Mwalimu, si nilikwambia? Nyeusi anasema ni ya wazee." Akanigeukia. "Au wewe unaonaje?"

Nikasema kahawia ni nzuri.

Jumanne nilikuwa darasani ndege yake ilipoondoka. Alinitumia picha yake akiwa uwanjani na masanduku, na mfuko wa viatu ameushika mkononi kwa sababu hakutaka ubanwe kwenye sanduku. Nilisubiri Jumatano, nikasubiri Alhamisi. Ijumaa madam aliniuliza kama Kadzo amefika salama, nikasema nadhani amefika. Jumamosi Kadzo akanipigia.

"Mwalimu." Hakunisalimu. "Siku ile dukani, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema nilikuwa najua.

"Katana aliposema anamuuliza?"

"Nilikuwa najua, Kadzo. Wazee waliniomba..."

"Wazee nimeshaongea nao." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya taratibu. "Nimefika watu wamemaliza kulia, mwalimu. Matanga yameshaondolewa. Wanapika, wanacheka na watoto, wakiniona wananyamaza. Wao wamelia wote pamoja, wakamaliza. Sasa mimi nilie na nani? Wa kulia naye ulikuwa wewe. Tulikuwa wawili huko, na wewe ukanishikia mfuko."

Nilitaja jina lake. Nikamwambia ninaomba msamaha wa hili na wa lile la Jeddah, yote mawili, na kwamba nitakuja mwenyewe Kaloleni shule zikifungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama alivyojifunza kusikiliza kwenye nyumba za watu.

"Sawa, madam," akasema, akakata simu.